Sauti ya Mkubwa Haina Sahihi

*Mama,*

*Nina miaka 29. Nilisomea utawala hapa Lubumbashi, nikakaa nyumbani miaka minne, halafu mjomba akanisaidia kuingia kazini kwenye komini. Naomba usitaje ni komini gani. Barua ya kupangiwa kazi ninayo, matrikule, yaani namba ya mtumishi, sina. Mimi ni wa wale wanaoitwa NU, wapya, ingawa upya wangu sasa una miaka mitatu. Mshahara wa serikali sijauona hata siku moja. Kuna primu kidogo, nayo huja inapotaka.*

*Kazi yangu ni kukusanya ushuru wa meza sokoni. Kila mama analipa faranga 500 kwa siku. Asubuhi mkuu wa kitengo ananipa kitabu cha tiketi 80. Meza ni 214, nimezihesabu mwenyewe, naye anajua. Anasema tiketi 80 zinatosha, hao wengine wamezoea. Jioni nampelekea pesa zote. Za tiketi zinaandikwa kwenye daftari, nyingine zinaingia kwenye bahasha. Nikiuliza, jibu ni moja: "Bakubwa banangoya," wakubwa wanangoja. Mimi ananikatia faranga 5,000, za usafiri na bukari. Ninazipokea, mama. Nina mtoto, na mama yangu ana ugonjwa wa sukari.*

*Wiki iliyopita mama mmoja muuza sombe aliniomba tiketi. Sikuwa nayo. Akaniangalia, akaniuliza: "Weye mwanangu, ulisoma ili uje unipore?" Usiku ule sikulala.*

*Sasa mkuu anataka nisaini karatasi ya mwezi inayosema soko lina meza 80. Walionitangulia walisaini wote. Nikikataa, kuna kumi mlangoni wanaoitaka nafasi yangu. Nisaini? Niache kazi? Niende redioni nikaseme yote?*

*Aliyechoka, Lubumbashi*

Mwanangu,

Usisaini. Nimelitanguliza hilo kwa sababu mwisho wa mwezi uko karibu na barua yangu isije ikakufikia umeshachukua kalamu. Kazi usiiache, na redioni usiende, walau kwa sasa. Sababu zake ni ndefu kidogo, kwa hiyo kaa, uweke sufuria pembeni.

Miaka ya 90 ikielekea ukingoni nilikuwa karani wa hesabu katika ofisi moja ya serikali, mbali kidogo na mji huu. Siku moja mtunza ghala aliniletea karatasi ya kupokea saruji: mifuko 60. Mimi nilikuwa nimeona mifuko 22 ikishushwa, nimesimama pale pale uani. Nikamwambia hesabu haifanani. Mkubwa wetu alikuwa mlangoni, mkono mmoja juu ya fremu. Hakuingia hata ndani. Akasema, kwa upole kabisa: "Saini, mama, mengine nitayapanga." Nikasaini nakala tatu, na karatasi ya kaboni ikaniachia rangi ya buluu kwenye kidole. Rangi ile niliiosha na kusahau.

Wakaguzi walikuja baada ya miaka miwili. Mkubwa aliulizwa kama aliagiza hesabu ile iandikwe. Akasema hajui lolote. Na kwa jinsi ofisi zinavyofanya kazi alikuwa salama, maana hakuna mahali popote neno lake lilipoandikwa. Palipoandikwa palikuwa na jina langu mimi, mara tatu. Nilisimamishwa miezi 14 bila kitu. Cherehani ya marehemu mama yangu niliiuza Kamalondo kwa bei ya kutupa ili watoto wale. Mpaka leo nikipita mtaa ule nageuza uso.

Nimekusimulia haya kwa sababu karatasi yako ya meza 80 ni ile ile ya mifuko 60. Agizo linatoka kinywani mwa mkubwa, kosa linabaki kwenye mkono wa mdogo, na sauti haina sahihi. Ndivyo wizi mwingi wa mali ya umma unavyopita katika ofisi zetu: juu wanasema, chini wanaandika, na siku ya mashtaka husomwa kilichoandikwa.

Katiba yetu ya tarehe 18 Februari 2006 inalijua jambo hili. Kifungu cha 28 kinasema hakuna anayelazimika kutii amri ambayo ni wazi kwamba imevunja sheria. Wengi wanaishia hapo wanashangilia. Wewe endelea mpaka sentensi ya mwisho ya kifungu hicho: wajibu wa kuthibitisha kwamba amri ile ilikuwa haramu uko juu ya yule aliyekataa kuitii. Maana yake ukikataa kwa mdomo amri iliyotolewa kwa mdomo, mbele ya jaji huna kitu. Ushujaa wa moyoni hautakusaidia. Unahitaji kipande cha karatasi chenye tarehe.

Na ujue uzito wa upande wa pili. Kifungu cha 145 cha sheria ya adhabu kuhusu kuiba mali ya umma kinamgusa kila aliyekabidhiwa kazi ya umma, na adhabu yake inaanzia mwaka 1 kufika miaka 20. Hakuna mahali kinaposema kwamba asiye na matrikule amesamehewa.

Tupige hesabu pamoja, maana mimi nilikuwa karani na siwezi kuongea bila namba. Meza 214 kwa faranga 500 ni faranga 107,000 kwa siku. Tiketi 80 ni faranga 40,000. Bahasha basi inabeba faranga 67,000 kila jioni, kabla ya kuondoa zile 5,000 zako. Kwa siku 26 za soko katika mwezi ni faranga 1,742,000. Hilo ni soko moja, na ni meza tu. Sijahesabu wanaotandaza chini, wala mikokoteni, wala magari yanayoshusha mahindi na makaa. Weka pesa hiyo mbele ya macho yako halafu utazame choo cha soko lako. Utazame na mfereji ule ulioziba, ambao mvua za Novemba zikianza unamwaga maji meusi chini ya meza ya yule yule mama wa sombe. Mama yule analipa. Analipa kila siku, kwa uaminifu kuliko hata makampuni mengine makubwa ya mji huu. Hakosi ila kitu kimoja: alama yoyote ya kwamba amelipa.

Sasa nikuambie kwa nini mkubwa wako anakimbilia bahasha. Simtetei. Nataka uelewe mto unatoka wapi, usidhani chanzo chake ni roho mbaya ya mtu mmoja tu, maana hapo ungemchukia yeye na mto ukaendelea kutiririka akija mwingine.

Komini si dirisha la ofisi ya gavana. Kwa Katiba, kifungu cha 3, na kwa sheria ya tarehe 7 Oktoba 2008, komini ni mtu kamili mbele ya sheria: ina bajeti yake, mali yake, baraza lake. Kifungu cha 175 kinaipa mikoa asilimia 40 ya mapato ya kitaifa, nayo inatakiwa kukatwa hapo hapo yanapokusanywa, bila kwenda kwanza Kinshasa na kuombwa irudi. Katika sehemu hiyo ya mkoa, sheria ya 2008 inazipa miji, komini, sekta na utawala wa machifu asilimia 40 nyingine. Kwenye karatasi, basi, komini yako ingekuwa na pesa ya kukulipa wewe na kufagia soko. Lakini kule kukatwa pale pale hakujawahi kufanyika kama Katiba ilivyoagiza. Pesa hupanda Kinshasa, na kinachoshuka hushuka kwa kuchelewa na kwa upungufu, kikifika mkoani kinakutana na madeni mengine. Komini inabaki na nini? Inabaki na meza 214.

Ziko komini zenye bahati. Sheria ya madini ilipofanyiwa marekebisho mwezi wa Machi 2018, asilimia 15 ya mrabaha wa madini iliachiwa eneo ambalo mgodi umo, iende moja kwa moja. Komini na sekta zenye shaba na kobalti zikaona pesa ambazo hazikuwahi kuzigusa. Je, huko vyoo vya soko vimepona? Nenda ukaangalie mwenyewe siku ukipata nafasi. Pesa nyingi isiyoandikwa hupotea kama pesa kidogo isiyoandikwa, tofauti ni ukubwa wa nyumba zinazojengwa nayo.

Halafu upo wewe, uliyeajiriwa bila mshahara. Hili ndilo linaloniuma kuliko yote katika barua yako, na nataka ulisikie bila kuona haya. Serikali inayomweka binti wa miaka 29 penye pesa kila siku, ikamnyima chakula, imemwekea mtego. Haikukosea tu, imezoea. Unayajua ya shule? Yalipoanza wewe hukuwepo. Mwaka 1992 walimu waligoma kwa sababu mishahara haikuwa na maana tena, na ili watoto warudi darasani wazazi wakakubali kuchanga pesa ya kuwatia walimu moyo. Ya muda, walisema. Ilidumu karibu miaka 30. Kutoka kwenye ile pesa ya mwalimu zikachomoza pesa za mkurugenzi, za ofisi ya elimu, za huko juu zaidi, kila ngazi ikakata kipande chake, mpaka Septemba 2019 serikali ilipotangaza kwamba shule za msingi za umma ni bure kama kifungu cha 43 kilivyokuwa kikisema tangu 2006. Ndipo walimu wengi sana wakaonekana wanafundisha bila kuwa kwenye orodha ya malipo. Wazazi ndio waliokuwa serikali yao.

Yule mama wa sombe ndiye serikali yako. Faranga 5,000 unazopewa jioni zinatoka kwenye meza kumi za akina mama waliolipa bila tiketi. Alipokuuliza kama ulisoma ili uje umpore alikuwa anaongea na mwajiri wako kupitia wewe, lakini uso alioukuta pale ni wako. Najua ndiyo maana hukulala.

Watu wetu wameliita jambo hili, kwa mzaha, Kifungu cha 15, jipange mwenyewe, na tumelicheka kwa miaka mingi. Mimi sicheki tena. Kimekula vijana wenye akili niliowaona kwa macho yangu.

Wenzetu wa upande wa mashariki wamekutana na mto huu huu. Tangu mwezi wa Aprili 2022 nchi yetu ilipotia sahihi Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tunazungumza bandari na forodha. Mimi ningependa tuchukue kwao na mambo madogo ya ukutani. Uganda, uchunguzi wa shule za msingi kuhusu miaka ya 1991 hadi 1995 ulionyesha kwamba katika kila shilingi 100 ambazo serikali kuu ilitoa kwa matumizi ya shule kwa kila mtoto, zilizofika shuleni zilikuwa kama 13. Nyingine ziliishia wilayani. Hapo serikali ikaanza kuchapisha magazetini ni kiasi gani kimetumwa wapi, na shule zikatakiwa kubandika ukutani kiasi zilichopokea. Ilipofika 2001 zilikuwa zinafika zaidi ya 80. Wataalamu wanabishana mpaka leo ni kiasi gani kilifanywa na magazeti na kiasi gani na udhibiti mwingine uliobanwa wakati ule ule, na ubishi huo ni wa haki. Lakini mzazi aliyesoma namba kwenye mlango wa shule alikuwa na swali mkononi ambalo jana yake hakuwa nalo.

Tanzania wana maneno mawili ambayo ningependa yavuke Ziwa Tanganyika yaje mpaka kwetu: mapato na matumizi. Kijijini kwao mkutano mkuu unatakiwa kukaa kila miezi mitatu, na viongozi wasome hadharani kilichoingia na kilichotoka. Wako wenyeviti wanaokwepa, na wako waliong'olewa na wanakijiji kwa sababu ya kukwepa. Ninachokipenda ni kwamba mkulima asiyejua kitabu cha hesabu anajua kusimama na kusema, "Hatujasomewa mapato na matumizi." Ana sentensi. Akina mama wa soko lako hawana sentensi hiyo bado.

Utasikia watu wakisema dawa ni mashine. Mashine ni nzuri: halmashauri za Tanzania zinakusanya ushuru kwa vimashine vya mkononi vinavyotoa risiti pale pale. Lakini Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu wa nchi hiyo amekuwa akiandika katika ripoti zake kuhusu vimashine vilivyozimwa na pesa iliyokusanywa kwa mashine isifike benki. Mwizi naye hujifunza kubonyeza. Kwa hiyo usisubiri mashine.

Na tusitoke hata nje ya nchi. Bukavu, zaidi ya miaka kumi iliyopita, komini za mji zilijaribu kuwaita wakaaji wachague wenyewe sehemu ya bajeti iende wapi, wakiwaita kwa ujumbe wa simu na kuwarudishia matokeo kwa simu hizo hizo. Ni Wakongo kama sisi, chini ya sheria hii hii ya 2008, bila umeme wa uhakika kama sisi.

Sasa tushuke kwenye mambo ya Jumatatu.

Chukua karatasi mbili na uandike kwa Kifaransa, ndiyo lugha ya ofisi yako, maneno machache yasiyo na hasira. Kwamba umepokea karatasi ya hesabu ya mwezi. Kwamba meza ulizohesabu wewe tarehe fulani ni 214, na karatasi inasema 80. Kwamba unaomba mkuu akuelekeze kwa maandishi uandike hesabu ipi. Malizia kwa heshima zote. Usitaje bahasha. Usitaje bakubwa. Usimshtaki mtu yeyote kwa jambo lolote. Peleka sekretarieti, usimpe mkononi. Ngoja waandike namba kwenye kitabu cha barua zinazoingia, na nakala yako ipigwe muhuri wa kupokelewa na tarehe. Nakala hiyo isilale ofisini. Ilale kwa mjomba yule yule aliyekuingiza kazini, na umwambie ni ya nini, kwa sababu mtu aliyekufungulia mlango anapaswa kujua kuna nini ndani.

Barua ya namna hii ina nguvu moja ya ajabu: inampa mkubwa wako nafasi ya kurudi nyuma bila kuaibika. Anaweza kusema, "Ah, ilikuwa makosa ya kuandika." Mwachie mlango huo. Akirekebisha hesabu ikawa 214, mshukuru, nyamaza. Akikujibu kwa maandishi uandike 80, sijui kama atafanya ujinga huo, lakini akifanya, umepata ushahidi ambao kifungu cha 28 kinakudai. Akikasirika na kukuita ofisini, sikiliza, usijibu, na ukitoka nje andika kwenye daftari lako la nyumbani siku, saa na maneno aliyosema.

Daftari hilo lianze leo. Kila jioni: meza ngapi, tiketi ngapi, pesa ulizokabidhi, kwa nani. Na zile 5,000 uziandike pia. Najua utasita kwenye mstari huo. Daftari linaloandika dhambi za wengine na kuruka za mwenyewe halina thamani mbele ya mtu yeyote. Kisha uamue siku ya kuacha kuzipokea, nami nakuomba iwe siku ile ile unayopeleka barua. Nimewaza sana kabla ya kuandika sentensi hiyo, maana si mimi nitakayerudi nyumbani kwa miguu. Lakini huwezi kuuliza kuhusu 80 na 214 mchana, na jioni ukanyosha mkono. Atakunyamazisha kwa 5,000, na bei hiyo ni ndogo mno kwako. Tafuta kwanza usafiri na chakula vitatoka wapi: kaa na ndugu zako uwaambie ukweli, kwa miezi mitatu mama yako ahudumiwe na wote. Wasomi wa ukoo ndio hubebeshwa kila kitu. Safari hii wabebe wao.

Kitu cha pili hukifanyi wewe, wanakifanya wao. Soko lina kamati, na kamati ina mama mmoja anayesikilizwa. Unamjua. Nenda nyumbani kwake Jumapili, usiende mezani kwake. Huhitaji kumwambia siri za ofisi. Mwambie jambo ambalo ni haki yake: hakuna kodi bila sheria, ndivyo kifungu cha 174 kinavyosema, na anayelipa ushuru halali anapewa tiketi. Mama 214 wakisema asubuhi moja, "Tiketi kwanza, makuta baadaye," hakuna atakayeweza kukulaumu wewe. Utarudi ofisini mikono mitupu na maneno ya kweli: wamekataa kulipa bila tiketi, nipeni vitabu vitatu. Wengine watakuwa wagumu, nakubali. Wapo wanaosema, "Tiketi ni ya nini, mwana? Kamata tu makuta," kwa sababu wamechoka na wanataka uondoke wauze. Usibishane nao. Wanaoomba wakizidi wale 80 kwa 30 tu wiki ya kwanza, inatosha kuiharibu hesabu ile.

Wasaidie pia kwa lugha. Orodha ya ushuru wa komini, kama ipo ukutani, iko kwa Kifaransa, na mama wa sombe hasomi Kifaransa cha ofisi. Kifungu cha 142 cha Katiba kinaagiza serikali isambaze sheria kwa lugha nne za taifa ndani ya siku 60, Kiswahili kikiwamo. Hilo nalo limebaki maneno. Wewe umesoma. Kata katoni, andika kwa Kiswahili kikubwa: meza, faranga 500 kwa siku, tiketi ni lazima. Mpe mama wa kamati, aibandike yeye.

La tatu ni baraza. Watu wazima wa hapa wanakumbuka kusimuliwa jinsi wazee wetu walivyopiga kura ya komini Desemba 1957, wakati mji ukiitwa Elisabethville. Chini ya Katiba hii tulisubiri mpaka tarehe 20 Desemba 2023 ndipo tukachagua madiwani wa komini. Wengi wao wamelalamika kwamba wenyewe hawalipwi, na wakaaji wengi hawawajui hata kwa sura. Lakini sheria inawapa kazi ya kupitisha bajeti ya komini na kuusimamia utawala wake. Kamati ya soko imwandikie diwani mmoja, barua fupi: tunaomba kusomewa ushuru wa soko letu wa miezi mitatu, ulioingia na ulikotumika. Usiandike wewe barua hiyo, hata wakikuomba. Mwandiko wako unajulikana.

Kuhusu matrikule yako, acha kusubiri kimya. Tafuta NU wenzako wa komini yako, andikeni majina, tarehe za kupangiwa kazi na nakala za barua zenu, mpeleke kwa pamoja kupitia chama cha wafanyakazi. Faili la mtu mmoja hupotea kwa urahisi. Faili la watu 19 lina wenyewe wa kuliulizia. Sheria ya watumishi ya tarehe 15 Julai 2016 inampa mtumishi haki ya kujitetea kabla ya kuadhibiwa, lakini inamfunika vizuri yule aliyemo kwenye orodha. Wewe bado unanyeshewa, na ndiyo maana nakutaka uwe na barua laini na watu wengi.

Redio iwe ya mwisho. Ukianza nayo, habari itakuwa wewe: msichana wa komini aliyesaliti mkubwa wake. Wiki moja, kisha wimbo unaofuata. Ukifika huko baada ya barua yenye muhuri, daftari la miezi na kamati ya akina mama, habari itakuwa meza 214.

Sitakuficha kwamba unaweza kuondolewa. Anaweza kukuhamishia ofisi isiyo na kazi, au kusema nafasi yako haipo. Ikitokea, utaumia, na sitakuambia kwamba utapata nyingine haraka, maana mji huu tunaujua. Ila utaondoka bila jina lako chini ya hesabu ya uongo. Mimi niliendelea na kazi baada ya miezi ile 14, nikastaafu kwa heshima zote, na bado ile sahihi naiona.

Ukishapeleka barua, niandikie namba waliyoipa kwenye kitabu cha sekretarieti. Namba tu, bila jina. Na ukimwona mama wa sombe kabla ya Jumatatu, usimkwepe. Nunua fungu moja, lipa, na umwambie kuanzia wiki ijayo akudai tiketi kwa sauti, wenzake wasikie.